Ganzi ya Vidole Ofisini: Lawama ni ya Kiti, Meza au Kipanya?

Mfanyakazi wa ofisini akilalamika kwamba vidole vinakufa ganzi, ushauri wa kwanza atakaopewa na wenzake ni abadilishe kiti. Wa pili ni anunue kile kipanya kilichosimama wima, kinachoshikwa kama unampa mtu mkono. Wa tatu, na huu husemwa kwa sauti ya chini, ni aende hospitali. Ofisi yenye fedha itaagiza viti vipya vyenye mgongo wa wavu, kila mtu atavifurahia wiki ya kwanza, na mwezi ukiisha yule mwenye ganzi bado anaamka usiku kuukung'uta mkono.

Si kwamba samani hazina maana. Zina maana kubwa, ila msaada wake hupitia mlango mmoja tu: kuuwezesha mkono kufika kwenye kibodi na kipanya bila kifundo cha mkono kupinda na bila vidole kukaza. Kiti kinachofanikisha hilo ni kizuri hata kama ni cha zamani. Kisichofanikisha, hata kiwe na vishikio vya kurekebishia kila upande, ni pambo. Ili kuona kwa nini iwe hivyo, inabidi kwanza tuingie ndani ya kifundo chenyewe.

Njia nyembamba, wapitaji kumi

Kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kina njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8 iliyojipanga kwa umbo la upinde. Dari lake ni ligamenti, mkanda mgumu unaokatiza kutoka upande wa kidole gumba hadi upande wa kidole cha mwisho. Humo ndani hupita vitu 10: kano 9 zinazokunja vidole, na neva moja iitwayo neva ya mediani. Kano ni ngumu, zinavumilia kusongwa. Neva ni laini na inahitaji damu muda wote. Tishu zinazozizunguka kano zikivimba, au maji yakizidi mwilini, mifupa haisogei na dari halinyanyuki, kwa hiyo mzigo wote huiangukia neva. Hali hiyo ndiyo inayoitwa sindromu ya handaki la kapali.

Neva ya mediani hupeleka hisia kwenye kidole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile inayotazamana na kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo. Hicho kina neva yake, ya alna, ambayo haipiti kwenye handaki hili. Ndiyo maana mtu akisema "mkono wote umekufa ganzi" inafaa aulizwe kidole kimoja baada ya kingine. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya pete iliyo karibu nacho, mara nyingi kinachobanwa kiko kwenye kiwiko, pale ambapo ukigonga meza kwa bahati mbaya unasikia shoti hadi vidoleni. Mtu wa namna hiyo anaweza kununua kila kifaa cha kulinda kifundo na asipate nafuu hata kidogo, kwa kuwa pengine kosa lake ni kuegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza au kulala amekikunja.

Kuna kidokezo kingine ambacho wengi hawakijui. Ngozi ya kiganja iliyo juu ya bonge la nyama la kidole gumba kwa kawaida haipotezi hisia katika ugonjwa huu, kwa sababu tawi la neva linaloihudumia hujitenga kabla ya kufika handakini na kupita nje yake. Vidole vina ganzi, kiganja hakina: picha hiyo humwelekeza daktari moja kwa moja kwenye kifundo.

Dalili za mwanzo hupenda usiku. Mtu hulala na kifundo kimekunjwa chini ya shavu, anaamka usiku wa manane vidole vinachomachoma, anaukung'uta mkono, na baada ya dakika chache vinatulia. Madaktari huulizia makusudi kule kukung'uta. Baadaye ganzi huhamia mchana, wakati wa kushika simu au usukani. Vikombe vinaanza kuponyoka, vifungo vya shati vinakuwa kazi. Ikiachwa miaka, bonge la kidole gumba husinyaa na kubonyea.

Sasa, kifundo kinahusikaje na mkao wa mtu kitini? Jibu lilipimwa zamani. Mwaka 1981 nchini Marekani, Gelberman na wenzake waliingiza mrija mwembamba ndani ya handaki na kupima shinikizo. Kwa watu wasio na ugonjwa, kifundo kikiwa kimenyooka, wastani ulikuwa milimita 2.5 za zebaki. Kwa wagonjwa ulikuwa 32. Kisha wakaagizwa kukunja kifundo: kwa wenye afya shinikizo lilipanda hadi 30 hivi, kwa wagonjwa likapita 90. Kukiinua kifundo kuelekea nyuma kulitoa matokeo ya aina hiyohiyo. Na inajulikana kwamba shinikizo likikaa kwenye 30 au zaidi, damu inayoilisha neva huanza kukwama.

Kwa hiyo kila pembe ya kifundo ina gharama yake. Utafiti wa Keir na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria mahali ambapo gharama hiyo huanza kuwa kubwa. Kifundo kikiinuliwa nyuma zaidi ya nyuzi 33 hivi, takribani robo ya watu hufikia lile shinikizo la 30. Kukikunja kuelekea kiganjani kunavumilika zaidi, hadi karibu nyuzi 49. Lakini kukipindisha upande wa kidole cha mwisho kunavumilika kidogo sana: nyuzi 15 hivi tu. Weka mikono yako kwenye kibodi ya kawaida, iliyonyooka, uitazame kwa juu. Vigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, vinatoka kwenye viwiko vikielekea katikati, safu za herufi zimenyooka, na ili vidole vilingane nazo lazima viganja vipinde kuelekea nje. Hiyo ndiyo pembe inayozungumziwa, na watu wengi hukaa nayo siku nzima.

Nguvu nayo ina sehemu yake. Kubonyeza kwa ncha ya kidole, au kubana kitu kati ya gumba na kidole, hupandisha shinikizo hata kama kifundo kimenyooka. Pembe na nguvu vikikutana, hujumlishana.

Je, kompyuta ndiyo yenye kosa?

Hapa ndipo mazungumzo ya ofisini hupotea njia. Ugonjwa huu ni mkongwe kuliko kompyuta. James Paget, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alieleza kubanwa kwa neva ya mediani mwaka 1854 kwa wagonjwa walioumia kifundo. Katika miaka ya 1950 George Phalen wa Marekani ndiye aliyewafanya madaktari wautilie maanani, na kile kipimo cha kukunja vifundo kwa dakika moja bado kinaitwa kwa jina lake. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanawake wa makamo, na Phalen mwenyewe hakuamini kwamba kazi ndiyo chanzo kikuu.

Kuna kazi ambazo ushahidi wake hauna utata. Ni zile zinazochanganya nguvu, kurudiarudia na mtetemo: kukata nyama viwandani, kuunganisha vipuri, kushika mashine za kutoboa au misumeno ya mnyororo. Silverstein na wenzake, mwaka 1987, waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda nchini Marekani wakakuta kwamba wenye kazi ya nguvu nyingi na marudio mengi walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 15 ukilinganisha na wenye kazi nyepesi isiyojirudia.

Ofisini picha hufifia. Mwaka 2001 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliripoti juu ya watumiaji 257 wa kompyuta waliojibu dodoso lao. Waliokuwa na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa walikuwa 10.5%, lakini kipimo cha umeme wa neva kiliuthibitisha ugonjwa kwa 3.5% tu. Linganisha na utafiti wa Sweden wa mwaka 1999 uliokadiria kwamba 2.7% ya watu kwa jumla wana ugonjwa huu ukithibitishwa kwa dalili na kipimo cha neva kwa pamoja. Tofauti si ya kutisha.

Kisha ukaja utafiti wa Denmark wa mwaka 2003, ambao kwa maoni yangu ndio wa kuusoma kwa makini kabla ya kuagiza samani. Karibu wafanyakazi 7,000 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kuchapa kwenye kibodi hakukuonyesha uhusiano na ugonjwa. Kilichoonyesha ni kipanya, kwa wale waliokitumia zaidi ya saa 20 kwa wiki.

Sisemi kwamba wachapaji wako salama kabisa, wala kwamba anayeumwa anajisingizia. Ninachokisoma humo ni kwamba kazi ya ofisini kwa wengi haiuanzishi ugonjwa kutoka sifuri. Huuchokoza pale ambapo mwili tayari una nafasi finyu handakini, na inauchokoza zaidi kupitia mkono wa kipanya kuliko kupitia kibodi. Hilo linabadilisha mahali pa kuweka fedha.

Kipimo kinaanzia kwenye kiwiko

Watu hurekebisha kiti kwa kuangalia miguu: nyayo zikifika chini, basi. Kwa mgongo na mapaja sawa. Kwa mkono, kipimo kinachotawala ni kiwiko.

Kaa umeegemea, mabega yamelegea, mkono mmoja uning'inie, kisha ukunje kiwiko hadi kigasha kilale sambamba na sakafu. Mtu apime kwa futi ya fundi kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Tuseme ni sentimita 63. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Chukua 74, ongeza unene wa kibodi sentimita 2 au 3. Vitufe viko kwenye 76 au 77. Mikono inatakiwa kufanya kazi sentimita 13 au 14 juu ya kiwiko.

Mwili hautagoma. Utatafuta njia, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuinua mabega na kuyashikilia huko juu, jambo linalozaa maumivu ya shingo kabla ya saa nne asubuhi. Ya pili, ambayo huja mabega yakichoka, ni kutua vifundo kwenye ukingo wa meza na kuviinua viganja kuelekea nyuma ili vidole vifikie vitufe. Sasa kifundo kimepinda nyuma na wakati huohuo ukingo mgumu unakigandamiza kwa chini, mahali palepale handaki lilipo. Kiti cha bei kubwa kikiwekwa mbele ya meza hiyo bila kubadilisha kimo hakitengui chochote kati ya hayo.

Suluhisho ni hesabu tu. Ama vitufe vishuke, ama kiwiko kipande. Kushusha maana yake ni meza inayorekebishika, meza iliyopunguzwa miguu na fundi, au trei ya kibodi inayoning'inia chini ya ubao wa meza. Kupandisha maana yake ni kuinua kiti hadi kiwiko kilingane na vitufe au kizidi kidogo, kisha kuweka kiegemeo cha miguu chini. Hiki cha mwisho husahaulika na ni kosa kubwa. Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana mapaja, mtu huteleza mbele kutafuta sakafu, mgongo unaachana na egemeo, na uzito wa kiwiliwili unahamia kwenye mikono iliyotua mezani. Tumerudi kulekule. Kiegemeo kiwe kipana kiasi cha kubeba nyayo zote mbili na kuruhusu kuzihamisha; kijisanduku cha kubania vidole vya miguu hakidumu siku mbili.

Mtu mrefu ana tatizo la kinyume, na ni rahisi zaidi kulitatua: vipande imara vya mbao chini ya miguu ya meza vinatosha.

Mikono ya kiti inastahili kutazamwa kwa jicho la pekee, maana ndiyo sehemu inayoharibu mambo kimyakimya. Ikiwa juu mno, inayasukuma mabega yapande. Ikiwa chini mno, mtu huinama upande mmoja kuitafuta. Mbaya zaidi ni ile isiyorekebishika inayogonga ukingo wa meza na kukizuia kiti kusogea: mfanyakazi anabaki mbali, anachapa mikono imenyooshwa, na vifundo ndivyo vinavyobeba mikono hiyo juu ya meza. Kama kiti ulichonacho kiko hivyo, ing'oe. Kwa kawaida imefungwa kwa parafujo chache tu, na kiti kisicho na mikono ni bora kuliko kile chenye mikono inayokuzuia kuifikia kazi yako. Ikirekebishika, ishushe hadi vigasha vitulie juu yake mabega yakiwa yamelegea, na isiwe mbele mno.

Ukingo wa meza wenye pembe kali nao ni wa kuepuka unaponunua. Wa mviringo haugandamizi.

Halafu kuna viguu viwili nyuma ya kibodi. Karibu kila mtu huvifungua, labda kwa sababu vipo. Vikifunguliwa, kibodi huinuka upande wa nyuma, na viganja hulazimika kuinuka kuifuata. Pembe ya kifundo kuelekea nyuma inaongezeka. Vikunje. Hakuna rekebisho jingine katika makala hii lisilogharimu chochote na linalochukua muda mfupi kama hili. Trei zinazoweza kuinamisha kibodi kidogo upande wa mbali hufanya vizuri zaidi, kwa sharti kwamba mtu anajua kuchapa bila kutazama vitufe.

Skrini na egemeo nitavipita haraka kwa kuwa vinahusu zaidi shingo na kiuno. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa. Egemeo lilale nyuma kidogo, lisikusimamishe wima. Umuhimu wake kwa kifundo ni wa mzunguko: anayeinama mbele ili aone hupeleka uzito mikononi.

Kompyuta ya mpakato inavunja kanuni zote hizi kwa pamoja, kwa kuwa skrini na kibodi vimefungwa bawaba moja. Ukiweka kibodi usawa wa kiwiko, skrini iko magotini. Ukiinua skrini, vifundo vinapaa. Kwa kazi ya dakika 20 si neno. Kwa kazi ya siku nzima haina mjadala: iinue juu ya kitu chochote imara, vitabu vinene vinatosha, na uiunganishe na kibodi na kipanya vya nje.

Kipanya ndicho cha kushughulikiwa kwanza

Tazama mkono wa mtu anayesoma waraka mrefu kwenye skrini. Hafanyi chochote, lakini kiganja bado kimefunika kipanya, kidole cha shahada kimeinuliwa kidogo juu ya kitufe kikisubiri, kifundo kimetua mezani na kupinda nyuma. Mkono huo uko kazini ingawa mwenyewe anadhani umepumzika. Uondoe hapo, uweke pajani. Ni mazoea tu.

Keir na wenzake walipopima shinikizo la handakini mwaka 1999, kuuweka tu mkono juu ya kipanya hakukuwa na shinikizo kubwa. Kukokota kitu kwenye skrini huku kitufe kimebonyezwa kulilipandisha hadi karibu 30, yaani kwenye mpaka uleule unaoanza kuinyima neva damu. Kukokota ni kazi ya kila dakika kwa wachoraji, wahariri wa video na watu wa majedwali. Kwa hao, njia za mkato za kibodi si ufundi wa kujionyesha. Ni kinga. Ongeza pia mwendo wa kishale kwenye mipangilio ya kompyuta ili mkono usisafiri safari ndefu kwa kila kazi ndogo.

Mahali kipanya kinapokaa ni suala la samani kwa sehemu, na la upana wa kibodi kwa sehemu kubwa. Kibodi yenye sehemu ya tarakimu upande wa kulia ina upana wa karibu sentimita 45. Herufi G na H ndizo zinazopaswa kuwa mbele ya kitovu, hivyo kipande chote cha tarakimu hujitokeza kulia na kipanya husukumwa mbali zaidi. Mkono unafunguka kutoka begani, kigasha kinakata pembe kurudi ndani, na kifundo kinapinda upande wa kidole cha mwisho. Nyuzi 15 zinapita bila mtu kutambua. Kibodi fupi isiyo na tarakimu inakirudisha kipanya sentimita kama 9 karibu na mwili. Mhasibu asiyeweza kuishi bila tarakimu atafute kipande cha tarakimu kinachojitegemea, akiweke kushoto, au akihamishie kipanya mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza ni ya kero, baada ya hapo mzigo unagawanyika.

Kipanya kiwe kimo kimoja na kibodi, si juu ya meza wakati kibodi iko kwenye trei ya chini. Nimeona trei nyingi zilizo fupi mno kubeba vyote viwili. Trei ya namna hiyo inatatua tatizo dogo na kuzidisha lile kubwa. Kisogeze kwa kigasha chote kutoka kwenye kiwiko, si kwa kukitikisa kifundo. Kishike kwa ulegevu. Kiwe saizi ya kiganja, kwa kuwa kidogo mno hubanwa kwa ncha za vidole.

Na kile kipanya cha wima? Wazo lake lina mantiki: kigasha hakilazimiki kugeuka kifudifudi. Lakini Schmid na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walipima shinikizo kwa wagonjwa wenyewe wakitumia kipanya cha wima na mikeka yenye mito ya kuegemezea. Mkao wa kifundo ulibadilika. Shinikizo ndani ya handaki halikushuka. Ukikiona kinakupa raha, kitumie, ila usikinunue kama dawa, na ujaribu kwanza cha mwenzako kwa siku kadhaa.

Mito ya kuegemezea kifundo nayo hutumiwa vibaya na wengi. Kugandamiza upande wa kiganja wa kifundo hupandisha shinikizo handakini, liwe gandamizo la mbao au la povu laini. Mto ni wa kutua kitako cha kiganja kati ya sentensi na sentensi, vidole vikiwa vimesimama. Wakati wa kuchapa, mikono ielee.

Ambapo samani hazifiki

Ushahidi kuhusu vifaa vya ergonomia, yaani vilivyobuniwa vilingane na mwili wa mtumiaji, ni mwembamba kuliko matangazo yake. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalitafuta majaribio ya vifaa na mikao kwa watu wenye ugonjwa huu yakapata 2 tu, yenye washiriki 105 kwa jumla, yote ya kibodi. Hitimisho likawa kwamba ushahidi hautoshi kusema zinasaidia au hazisaidii. Mapitio mengine ya mwaka 2018 yalikusanya majaribio 15 ya wafanyakazi wa ofisini, watu 2,165. Kilichoonyesha dalili ya kufaa ni kiegemeo cha kigasha kikitumika pamoja na kipanya kinachouacha mkono kwenye mkao wa asili, tena kwa maumivu ya shingo na bega. Meza za kusimama hazikuonyesha kinga ya wazi. Sishangai. Meza ya kusimama ikiwekwa juu ya kiwiko ina kasoro ileile ya meza ya kukaa, isipokuwa sasa na miguu inachoka.

Je, basi kupima viwiko ni kupoteza muda? Hapana. Pembe na shinikizo vimepimwa, na uhusiano wake uko wazi. Ambacho hakijathibitishwa ni kwamba kununua bidhaa fulani kunapunguza wagonjwa. Ni mambo mawili tofauti, na muuzaji hupenda kuyaunganisha.

Mengine yako mwilini. Kisukari, tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, baridi yabisi, uzito mkubwa, kifundo kilichowahi kuvunjika, na urithi, vyote huongeza uwezekano. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Wajawazito wengi huupata miezi ya mwisho, na kwa wengi hutulia baada ya kujifungua. Mwajiri anayejibu ganzi ya mjamzito kwa kumletea kiti kipya ana nia njema, ila alichohitaji yule mama pengine ni bandeji ngumu ya usiku.

Bandeji hiyo ndiyo kifaa chenye faida ya haraka kwa dalili za mwanzo, na haihusiani na ofisi kabisa. Inavaliwa usingizini ili kifundo kisikunjike. Zinazouzwa madukani nyingi zina bati ndani lililopindwa kuelekea nyuma. Bati hilo linaweza kuchomolewa na kunyooshwa, na ni vyema lifanyiwe hivyo, kwa kuwa kifundo kilichonyooka ndicho chenye shinikizo dogo. Kuivaa huku unachapa si wazo zuri: mkono hupigana nayo na viwiko hulazimika kupaa.

Mapumziko mafupi ya mara kwa mara yanafaa kuliko moja refu mchana. Neva haihitaji saa nzima. Inahitaji shinikizo lishuke damu irudi.

Ganzi ikidumu wiki kadhaa licha ya marekebisho na bandeji, ikikaa mchana kutwa bila kuondoka, au gumba likianza kudhoofika, samani si suala tena. Daktari atakunja vifundo vyako kwa dakika moja, ataligonga handaki kidogo, na huenda akaagiza kipimo cha umeme wa neva. Tiba zipo: sindano ya steroidi, na upasuaji mdogo wa kulikata lile dari la ligamenti ili neva ipate nafasi, mara nyingi kwa sindano ya kufisha maumivu ya mkono tu, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini nyama ya gumba ikishasinyaa sana, upasuaji hauirudishi kwa uhakika. Unapokwenda, nenda na majibu matatu tayari: ni vidole vipi hasa, ni saa ngapi huzidi, na kama kidole cha mwisho nacho kimo.